MSAFIRI NA MIZANI YAKE
Nasaha kwa Waislamu wa Pasua na kwingineko waendao kazi Bara Arabu na Asia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaitilia njia, akawatawanya waja wake juu yake wenye ndimi mbali mbali na rangi mbali mbali. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyesafiri kwenda Sham kwa mali ya Bibi Khadija naye ni mwaminifu kabla ya kupewa utume, akahama Makka kwenda Madina baada ya kupewa. Na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika Pasua, mjini Moshi, kama katika miji mingi ya Tanzania, wako watu waliokwenda kutafuta riziki Maskati, Jeddah, Dubai na Doha, na wako wanaojitengeneza kwenda. Zamani mtu wa bara aliyetaka kufika Arabuni alishuka pwani kwa miguu, na baada ya mwaka 1911, reli ya Tanga ilipofika Moshi, alishuka kwa gari la moshi. Kisha akangoja pepo za kusi zipeleke jahazi. Katika majuma ya bahari alikuwa na manahodha na mabaharia wa kumfundisha tabia za watu aendako. Leo kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, ki karibu na mlango wake, na mtu huweza kustaftahi kwao akalala Arabuni usiku ule ule. Mwili umefika, elimu ya kuwatazama watu wa huko haikupata wakati wa kumfikia.

Kijitabu hiki hakikukusudiwa kumzuia mtu safari, wala kumhimiza. Kimekusudiwa jambo moja tu: kumpa msafiri mizani ya kupimia ayaonayo katika nchi za watu, asije akachukua ada ya watu akaifanya dini, wala asije akachukua dhambi ya watu akaifanya sababu ya kuiacha dini. Makosa haya mawili yameharibu nyumba na kufarikisha ndugu, nayo asili yake ni moja.

SAFARI NI CHUO

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Ankabut, aya ya 20, kwamba watu watembee katika ardhi watazame namna alivyoanza kuumba. Na katika Sura ya Rum, aya ya 22, amezihesabu tafauti za ndimi na rangi kuwa ni katika dalili zake kwa wenye elimu. Na katika Sura ya Hujurat, aya ya 13, amekhubiri ya kwamba amewafanya wanadamu mataifa na makabila wapate kujuana, na kwamba mbora wao mbele yake ni yule amchaye zaidi. Aya hizi tatu na zizingatiwe pamoja. Ya kwanza yaamrisha kutazama. Ya pili yaonyesha kinachotazamwa. Ya tatu yaweka mpaka, nao ni kwamba tafauti ya watu imewekwa wapate kujuana, haikuwekwa wapate kudharauliana.

Basi mtu alalaye katika kambi moja na Mhindi, Mbangladeshi, Mwindonesia na Mmisri amefunguliwa kitabu kikubwa. Lakini kitabu hakimfai asiyejua herufi, na herufi za kitabu hiki ni elimu ya dini ya msafiri mwenyewe. Mtoto wa chuo hapewi msahafu kabla ya alifu na be. Vivyo hivyo asiyejua ipi ni faradhi, ipi ni suna na ipi ni desturi tu, kila akionacho ugenini chaweza kumpotosha.

WALIOTANGULIA

Waislamu wa pwani na bara si wa kwanza kula riziki katika nchi za wengine, na waliotangulia wameacha mafunzo.

Imam Shafi'i (R.A.) alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imam Malik, akafanya kazi ya serikali Yemen, akaingia Iraki, na mwisho akakaa Misri, ndiko alikofia mwaka 204, nao ni mwaka 820 wa Miladi. Aliyoyafundisha Iraki huitwa madhehebu ya kale, na aliyoyafundisha Misri huitwa madhehebu mapya. Hakuyageuza maneno yake kwa kuwapendeza watu wa Misri, bali aliyapima tena kwa dalili. Kwa hiyo imamu wa madhehebu haya alikuwa msafiri, na safari haikumpotezea mizani, bali ilimzidishia.

Ibn Battuta alitoka Tanja mwaka 1325, umri wake miaka 21. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akaandika ya kwamba watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi'i, watu wa dini na wema, na kwamba misikiti yao ni ya miti iliyojengwa imara. Yeye alikuwa Maliki, wala hakuwatia ila kwa hilo. Baadaye aliajiriwa ukadhi Delhi, na tena katika visiwa vya Maldivi. Huko Maldivi aliwasifu watu kwa usafi na ucha Mungu, na papo hapo akakiri ya kwamba alijitahidi kuwafanya wanawake wajifunike sehemu ya juu ya mwili wala hakufaulu. Ndugu msomaji, tazama insafu hii: ovu moja halikumzuia kuona mema yao, wala mema yao hayakumfanya aliite ovu zuri.

Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut alihamia Java, akafa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, mwaka 1855. Yeye ndiye mwenye Safinatun Naja, kile kitabu kidogo wanachoanzia watoto wa madrasa nyingi za Afrika Mashariki, na ndicho wanachoanzia watoto wa Indonesia hata leo. Na Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 akafa Unguja mwaka 1925, katika ujana wake alikuwa nahodha wa chombo cha baba yake, kisha akatafuta elimu Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka, akafika hata Java, akarudi akawa kadhi Unguja. Riziki ya bahari na elimu vilipanda chombo kimoja.

Wala safari si ya wanavyuoni peke yao. Salim bin Abakari, Mngazija, alikuwa mtumishi wa Mdachi aitwaye Bumiller, akafuatana naye mwaka 1896 katika Urusi na Siberia mpaka nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Aliandika kwa Kiswahili khabari za baridi, na makabila, na Waislamu aliowakuta huko, na maandiko yake yakapigwa chapa Udachi mwaka 1901. Alikwenda kwa ujira kama waendavyo vijana wa leo; lakini utumishi haukuyafumba macho yake, na kwa sababu ya macho yale watu wanamsoma mpaka leo.

MAFUNGU MANNE YA MIZANI

Kila alionalo msafiri katika nchi za Waislamu haliachi kuwa katika moja ya mafungu manne.

La kwanza ni asili ya dini: shahada, sala tano, zaka, funga ya Ramadhani, hija, uharamu wa riba, ulevi, zina na dhulma. Haya hayageuki kwa Pasua wala kwa Peshawar. Msafiri akiyaona yanashikwa afurahi na ayashike. Akiona yanaachwa asidhani ya kwamba yameondoshwa.

La pili ni ikhtilafu za maimamu. Mtoto wa Pasua aliyezoea kuleta kunuti katika sala ya alfajiri atamsikia Mpakistani hakunuti, kwani yeye ni Hanafi, na kwao alasiri huadhiniwa kivuli kinapofika mara mbili ya kitu, ambapo kwa Shafi'i ni mara moja. Atawaona Ibadhi wa Omani wamesimama na mikono yao imenyoshwa ubavuni. Kisha, pembeni ya msikiti, atamwona Mmalabari wa Kerala na Mwindonesia wa Java wameinua mikono kwa kunuti kama wazee wake walivyoinua Moshi, kwani hao wote wawili ni Shafi'i. Na akikaa na Wajava usiku wa Maulidi atawasikia wakisoma Barzanji, ile ile iliyotungwa na Sayyid Ja'far Barzanji, mufti wa Shafi'i wa Madina aliyekufa mwaka 1764. Hapo atajua ya kwamba chuo chake kidogo chini ya mlima ni tawi la mti uliotandaza matawi yake pande zote za bahari ya Hindi.

Adabu ya fungu hili imesimuliwa katika khabari za Imam Shafi'i mwenyewe: ya kwamba aliposali alfajiri karibu na kaburi la Imam Abu Hanifa aliacha kunuti, akaulizwa, akajibu kwamba ni kwa heshima ya mwenye kaburi. Ikiwa imamu alimstahi mwenzake aliyekwisha kufa, vipi mfuasi atamtukana mwenzake aliye hai?

La tatu ni ada za watu. Wanavyuoni wa Shafi'i wameihesabu katika misingi mitano ya fikihi kanuni isemayo ya kwamba ada ni yenye kuhukumu, naye Imam Suyuti ameieleza kwa urefu. Maana yake ni kwamba mahali ambapo sharia haikuweka kipimo, desturi ya watu hutazamwa: katika namna ya mavazi yenye kusitiri, vyakula vya halali, maamkizi, vipimo vya soko, na kilicho heshima au dharau. Basi Mwarabu wa Ghuba kumwamkia mwenziwe kwa kugusana pua, kumnywesha mgeni kahawa kwa tende na kumfukizia udi, hizo ni ada njema. Mmalabari kuandaliwa karamu juu ya jani la mgomba ni ada njema. Mwindonesia kuvaa shuka yake na kofia yake nyeusi, na kuubusu mkono wa mkubwa wake, ni ada njema. Wala hapana hata moja katika hizo iliyo faradhi juu ya mtu wa Kilimanjaro, kama ambavyo mtori na kanzu ya Kiswahili si faradhi juu ya Mwarabu.

La nne ni dhambi na dhulma za watu. Haya hayawi dini ijapokuwa atendaye ni Mwarabu, au ni jirani wa Msikiti Mtakatifu, au jina lake ni jina la sahaba. Mtume (S.A.W.) alipohutubia katika Hija ya kuaga alitangaza ya kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu illa kwa ucha Mungu. Atakayemfanya Mwarabu kuwa mizani ya dini ameiacha mizani aliyoiacha Mtume.

WATU WATATU

Upigwe mfano wa watu watatu waliotoka mtaa mmoja wa Pasua, wakasoma chuo kimoja, wakaenda kazi Arabuni, wakarudi.

Wa kwanza alirudi na kiburi. Alichanganya fungu la tatu na fungu la kwanza. Alivaa vazi la nchi aliyotoka, akasema kanzu ya baba yake si ya Kiislamu. Alimkuta mama yake amempikia mtori kwa furaha ya kumwona, akasukuma bakuli akasema chakula cha watu wa dini ni wali na nyama juu ya sinia. Mama alinyamaza, akaondoa bakuli. Kisha akachanganya fungu la pili na fungu la kwanza: alipoona mtaa unatengeneza Maulidi akasema wote wamo motoni. Jambo hili wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako waliolikataza, na wako walioliruhusu, miongoni mwao Imam Suyuti, aliyeliandikia risala. Jambo walilokhitalifiana wakubwa kama hao halikatwi kwa neno moja na mtu aliyekwenda kuendesha gari miaka mitatu, ijapokuwa gari lenyewe lilipita Makka kila juma.

Tena akavunja suluhu ya ukoo. Wachagga wana ada ya jani la isale: aliyekosa hulipeleka jani hilo kwa aliyemkosea kuomba radhi, na ni aibu kubwa kulikataa. Ami zake wawili walikuwa wamekhasimiana kwa ajili ya kihamba, na mmoja akampelekea mwenziwe isale. Kijana akalitwaa akalitupa akasema ni shirki, na ugomvi ukarudi palepale. Laiti angeuliza! Kuombana radhi na kupatanisha ndugu ni amri ya dini. Jani likiwa ni alama tu ya maneno ambayo haya huyazuia ulimini, ni ada isiyo na dhara. Akiitakidi mtu ya kwamba jani lenyewe laleta kheri au laondoa shari, au akalitumia kwa ajili ya mizimu, itikadi hiyo ni haramu, nayo huondolewa kwa mafundisho. Amma mbege ni haramu, kwani hulevya, ijapokuwa ni kinywaji cha mababu na huletwa katika suluhu ile ile. Basi tazama: jani na pombe ni ada za mlima mmoja, na hukumu zake ni mbili. Ndiyo kazi ya mizani. Asiye na mizani huvitupa vyote viwili au huvipokea vyote viwili.

Wa pili alirudi na uchungu. Yeye alichanganya fungu la nne na fungu la kwanza. Alifanya kazi kwa mtu aliyesali sala tano na kumnyima mshahara wa miezi minne, akamfungia pasi yake sandukuni, akamwita kwa jina la dharau kwa sababu ya rangi yake. Aliporejea Pasua hakuonekana msikitini. Alipoulizwa, alisema ya kwamba ameiona dini ilikotoka, na aliyoyaona yamemtosha.

Huyu asikemewe haraka. Jeraha lake ni la kweli, na aliyedhulumiwa dua yake haina pazia mbele ya Mwenyezi Mungu, kama alivyoonya Mtume (S.A.W.) alipompeleka Muadh Yemen. Anayemwambia asahau tu, kwa kuwa ni ndugu yetu Mwislamu, amemzidishia dhulma. Yampasa aambiwe haki: ya kwamba yule bwana alikhini dini hiyo hiyo aliyoisali, na kwamba Mwenyezi Mungu, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, amejitaja kuwa yeye mwenyewe atakuwa khasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaitimiza kazi yake, naye asimpe ujira wake. Basi dini ilikuwa upande wa mfanyakazi tangu mwanzo. Akiiacha kwa ajili ya bwana yule, bwana atakuwa amemnyang'anya vitu viwili: mshahara wa miezi minne, na imani ya umri mzima. Cha kwanza kilichukuliwa kwa nguvu. Cha pili, kwa nini akitoe kwa hiari yake?

Wa tatu aliona yote waliyoyaona wenziwe. Aliona waja wa kila rangi wakitawafu pamoja, akalia. Akaona watumishi wa kila rangi wakitukanwa nje ya milango ya majumba, akachukia. Alijifunza kwa Wajava heshima kwa waalimu, na kwa Wamalabari kuwekeana akiba na kusaidiana mwenzao apatapo msiba, na kwa Waarabu ukarimu wa mgeni. Huko Maskati alishangaa kusikia Kiswahili sokoni, kwani wengi wa wenye asili ya Unguja na pwani walihamia Omani baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970. Akajua ya kwamba lugha yake nayo ni msafiri. Aliporudi alikula mtori wa mama yake akaomba tena. Baada ya isha watu walipomkusanyikia kumwuliza khabari, aliwaambia mema ya wale watu na maovu yao, kila moja kwa jina lake.

KAFALA NA UJIRA

Katika nchi za Ghuba mfanyakazi mgeni huingia chini ya dhamana ya mwenyeji, na mpango huo huitwa kafala. Yafaa ijulikane ya kwamba kafala katika vitabu vya fikihi ni mlango wa ihsani: kafili hujibebesha mzigo wa mwenziwe, akaahidi kumhudhurisha au kumlipia. Mzigo u juu ya kafili. Katika mpango huu wa kazi mara nyingi imekuwa kinyume: aliyedhaminiwa ndiye abebaye mzigo, hawezi kuhama kazi wala kuondoka bila ya ridhaa ya bwana wake. Jina ni la fikihi, na maana imepinduka. Watawala wenyewe wameanza kulisahihisha: mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata idhini ya bwana wake kabla ya kuhamia kazi nyingine, na mwaka 2021 Saudia ililegeza masharti hayo kwa wafanyakazi wengi wa makampuni, lakini watumishi wa majumbani hawakuingizwa. Na hao ndio walio dhaifu zaidi, kwani hufanya kazi nyuma ya milango iliyofungwa.

Lakini mizani ina sahani mbili, na hapa yapasa watu wa Moshi watazame sahani yao. Yuko mtu alaaniye mabwana wa Arabuni barazani, na nyumbani kwake mna msichana aliyeletwa kutoka kijijini, aamkaye kabla ya wote, alalaye baada ya wote, ale makombo, na mshahara wake huambiwa kila mwezi ngoja. Yuko mwenye shamba la kahawa au migomba ambaye kibarua wake humfuata mara tatu kwa ujira wa siku moja. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka; na kwa walio chini ya mkono wa mtu ameagiza walishwe katika alacho, wavikwe katika avaacho, wala wasikalifishwe wasiloliweza. Amri hii haikuteremka kwa Waarabu peke yao. Yule wa tatu katika mfano uliotangulia, jambo la kwanza alilolifanya aliporudi lilikuwa kumwita yaya wa nyumba yao, kumhesabia mshahara wake uliolimbikizwa na mama yake pasi na kukusudia ubaya, na kumlipa wote.

MASALA

Suala: Mtu aliyekwenda Jeddah kwa mkataba wa miaka miwili, je, apunguze sala muda wote kwa kuwa yu mgeni?
Jawabu: La. Kwa madhehebu ya Shafi'i, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika, naye husali sala kamili na kufunga Ramadhani kama mwenyeji. Akiwa njiani, na safari yake ni ya halali na yafika marhala mbili, ana rukhsa ya kupunguza adhuhuri, alasiri na isha, na kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha.

Suala: Akisali alfajiri nyuma ya imamu Hanafi asiyeleta kunuti, afanyeje?
Jawabu: Akiweza kuileta kwa ufupi akamdiriki imamu katika sijida ya kwanza, ailete, akichelea kuachwa, amfuate imamu. Asifarikishe jamaa kwa ajili ya suna.

Suala: Ameletewa mkataba kwa lugha asiyoijua, na wakala amwambia atie sahihi tu, hana la kukhofu.
Jawabu: Katika sharti za ijara ni kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. Asitie sahihi mpaka asomewe na mtu mwaminifu ajuaye lugha ile, na abakize nakala kwa jamaa zake. Na wakala afichaye kazi ya kweli au mshahara wa kweli amefanya ghishi, na achumacho kwa ghishi ni haramu.

Suala: Wazazi wataka kumpeleka binti yao peke yake kwenda utumishi wa nyumbani.
Jawabu: Safari ya mwanamke isiyo ya wajibu, pasi na mume wala maharimu, haifai kwa kauli iliyotegemewa katika madhehebu, na hekima yake ni kumlinda. Wazazi wasitafute nyumba ya matofali kwa usalama wa binti yao. Amma aliyekwisha kwenda kwa dhiki, asitukanwe wala asisengenywe. Haki yake juu ya jamaa zake ni aulizwe khabari mara kwa mara, asaidiwe akidhulumiwa, na apokewe kwa heshima arudipo, awe amerudi na mali au mikono mitupu.

KHATIMA

Ewe ndugu uendaye, shika mambo haya. Jifunze dini yako kabla ya kupanda ndege, walau Safina uifahamu vema. Uonapo jambo geni, usilisifu wala usililaumu mpaka ujue ni la fungu lipi. Usilolijua uliza wenye elimu, kwani ndivyo ilivyoamrishwa katika Sura ya Nahl, aya ya 43. Ihifadhi haki yako kwa maandishi, wala usione haya kuidai. Usikhini kazi kwa kuwa bwana amekhini ujira. Dai haki kwa njia yake, na amana yako ibaki safi.

Na ewe ndugu uliyebaki, usimpime arudiye kwa sanduku lake. Muulize alichojifunza, kama umwulizavyo alicholeta. Akirudi na kiburi, mvumilie na umfundishe. Akirudi na uchungu, msikilize mpaka amalize, kisha umrudishe polepole katika safu, kwani huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hazuriwi kwa makemeo. Na kabla ya kuwahukumu mabwana wa mbali, mlipe leo hii aliye jikoni kwako.

Ewe Mwenyezi Mungu, walinde walio safarini barani na baharini na angani, uwarudishe kwa jamaa zao na dini yao na heshima yao. Wape haki zao waliodhulumiwa. Utuonyeshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili uturuzuku kuiepuka. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Walhamdu lillahi Rabbil alamin.